Ndoo Iliyoingia Kanisani

Nimeolewa saa moja asubuhi! Saa moja, jamani, umande bado uko kwenye majani, na keki tumeikata watu hawajamaliza kahawa ya kwanza. Aliyepanga saa hiyo si mimi, si mama, si mchungaji. Ni televisheni. Na hilo dogo. Kubwa ni alichofanya baba yangu mbele ya madhabahu, lakini nikianzia huko hamtaelewa kwa nini kanisa zima lilipiga kelele, kwa hiyo nivumilieni.

Sisi ni watu wa Barlow, Kansas. Mji una chuo, chuo kina timu ya mpira, ule wa kuvaa helmeti na kuangushana, na timu inaitwa Kunguru. Ukiendesha gari kidogo kuelekea kusini unafika Teller. Nao wana chuo, nao wana timu: Panzi. Kunguru hula panzi, na kila Novemba tunawakumbusha. Mimi nimesoma Barlow, baba kasoma Barlow, mama kasoma Barlow. Halafu nikaenda kumpenda Colby Esau, Panzi wa kuzaliwa, mtu ambaye hata picha zake za utotoni kavaa kijani tupu.

Siku namleta nyumbani baba alimwangalia soksi. Kijani.

"Kijana," baba akasema, "kiti kile pale cha mbao."

Viti vya kitambaa vilikuwa vitatu na vyote havina mtu. Colby akakaa cha mbao, akala, akasifu chakula, na baada ya miezi michache akapandishwa kwenye kitambaa. Baba yangu, Dwight Unruh, anauza mbegu na chakula cha mifugo, na ana roho nzuri sana kuanzia Desemba hadi Agosti.

Sasa, huku kwetu mtu mwenye akili zake hafungi ndoa Jumamosi ya msimu wa mpira. Ukifunga, wageni watakaa na waya sikioni na watashangilia wakati unasema viapo. Kuna Jumamosi moja tu, Oktoba, ambapo ratiba inazipumzisha timu zote mbili. Tunaiita Jumamosi tupu. Kuipata kanisani ni kazi. Mimi na Colby tulipoipata, mama alilia kuliko alivyolia nilipovishwa pete.

Basi kadi zimechapwa, gauni limebanwa kiunoni, na habari ikatua: ligi kubwa ya vyuo vya pwani ya magharibi inaongeza timu, na imeiita Barlow. Tunahama ligi. Teller hawakuitwa.

Mngeliona duka la baba siku hiyo! Watu walijaa katikati ya magunia ya mahindi kama kuna mnada.

Binamu yangu Tess alikuwa anaruka. "Tunaenda kwa wakubwa! Tutaonekana nchi nzima! Tutacheza na watu wa California!"

"Nani ataenda huko California kuwatazama?" akauliza mzee Leland Goertz, mwenyekiti wa klabu ya mashabiki. "Wewe? Gari lako linachemka hata hujatoka wilayani."

"Nitapanda ndege."

"Panda. Na wao wakianza mpira jioni yao, sisi huku tumeshavaa nguo za kulalia. Nitashangilia nimelala chali?"

"Mzee Leland, wewe hata mchana unashangilia umelala."

Watu wakacheka. Mwingine akasema pesa za televisheni zitajenga uwanja mpya, mwingine akasema uwanja mpya wa nini, wa zamani choo chake tu hakijawahi kurekebishwa. Baba alikuwa anapima mtama wa mteja. Mwishoni akasema, "Na Panzi je?"

Tess akaacha kuruka.

"Nauliza tu," akasema. "Novemba tutamcheka nani? Mtu wa Oregon? Mimi mtu wa Oregon hajanikosea chochote."

Huko Teller ndiyo kabisa. Colby alinieleza kazini kwake wanasema sisi wa Barlow ni kama mtu aliyepata kazi mjini, sasa hatuwajui tena. Mama yake, Bi Verna, hakusema kwa simu. Alikuja mwenyewe na bakuli la oveni, tambi za kuku na jibini juu, chakula ambacho kwetu hupelekwa nyumba yenye msiba. Akamkabidhi mama mlangoni.

"Poleni," akasema. "Nasikia mmefiwa na akili."

"Asante, mkwe," mama akajibu, anatabasamu. "Bakuli nitalirudisha tupu kama kabati lenu la vikombe."

Wakaingia ndani wakanywa chai. Hao ndio watu walionizunguka.

Kwa nini mechi ya Panzi ni kitu kikubwa? Kwa sababu ya Ndoo. Ni ndoo ya kukamulia maziwa, ya bati, kuukuu, imebonyea upande. Anayeshinda anakaa nayo mwaka mzima. Siku ya mechi walionayo wanaitoa asubuhi mapema, na mtu mmoja aliyeteuliwa anaibeba mkononi hadi katikati ya uwanja. Haiwekwi chini. Haipokelewi na Kunguru mwenzake. Zamani kuna mtu aliiweka chini afunge kamba ya kiatu, Panzi akaichukua akakimbia nayo, na tangu hapo sheria ikawa moja: ikiingia mkononi mwa Panzi ni ya Panzi, hakuna rufaa. Mwaka huu Ndoo ilikuwa kwetu, na mbebaji, baada ya kusubiri tangu mimi sijazaliwa, alikuwa baba.

Kwa hiyo baba ndiye aliyeanza kukusanya saini. Alibandika karatasi mlango wa duka: mechi ya Ndoo isife. Hukununua hata kilo ya mbegu bila kusaini. Alienda mpaka Teller, akasimama mbele ya duka la mkate la Panzi na koti lake jeusi la Kunguru, na walimsainia. Colby alimsaidia kushika karatasi. Vyuo viwili vikashikwa na aibu, vikakaa, vikakubaliana: itachezwa nje ya ligi, mwaka huu tu, mwakani Mungu anajua.

Tulisikia redioni tukiwa dukani. Baba alimkumbatia mzee Leland akamnyanyua juu, na mzee ana nyonga ya bandia. Mtangazaji akataja tarehe.

"Baba," nikasema. "Hiyo ni Jumamosi tupu."

"Ndiyo! Ndiyo iliyokuwa wazi kwa wote wawili, wameona hakuna kitu siku hi—"

Akamshusha mzee Leland taratibu.

Jamani, baba yangu alizunguka miji miwili kuomba saini ili mpira uchezwe siku ya harusi yangu! Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya magunia nikalia, halafu nikacheka tena. Kuahirisha maana yake kusubiri Jumamosi tupu ya mwaka kesho, na mimi kusubiri nilikuwa nimechoka.

Mama ndiye aliyepata njia. Shida ya pili ilikuwa kwamba saa ya mechi haijulikani, televisheni huichagua siku chache tu kabla. Inaweza kuwa asubuhi, inaweza kuwa usiku. Basi mama alichapisha vibandiko, tukavibandika juu ya saa kwenye kila kadi: "Ibada itaanza masaa manne kabla ya mpira." Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza maana yake. Shangazi yangu wa Nebraska alipiga simu kusema ndiyo kadi ya kwanza ya harusi kuisoma ikaeleweka.

Televisheni ikachagua saa tano asubuhi. Hesabuni wenyewe.

Sasa kikabaki kitu kimoja, na hicho ndicho kilichoninyima raha: nani atanishika mkono kuingia kanisani? Mbeba Ndoo siku ya mechi ni mali ya klabu. Tangu alfajiri wanakuwa pamoja kituo cha zimamoto, wanakula chapati za maji na asali, wanaimba, kisha wanaandamana hadi uwanjani. Mzee Leland alimwambia baba mbele yangu.

"Dwight, mimi sina ubaya. Lakini mbebaji haachani na kundi. Ama Ndoo ama kanisa. Na hii pengine ndiyo ya mwisho kabisa."

Baba akasema, "Nimesikia." Basi.

Nilitaka kumwomba. Mama akanikataza. "Usithubutu, Renata. Ukimwomba atakuja, na atanuna hadi Pasaka. Mwache aje mwenyewe au asije mwenyewe." Akamwambia mjomba Marvin akae tayari na suti.

Siku moja kabla, baba alikaa meza ya jikoni anaisugua Ndoo kwa siki na chumvi. Mimi nakunja leso za mezani, nasubiri aseme neno. Akainua kichwa.

"Ile njia ya katikati kanisani, upana wake unatosha watu wawili?"

"Wawili na gauni," nikasema.

"Mmh," akasema, akaendelea kusugua. Nikajua anamfikiria mjomba Marvin, maana mjomba ni mnene. Nilikasirika nikaziacha leso hapo hapo.

Asubuhi ilikuwa baridi. Nimesimama kwenye mlango wa kanisa na gauni langu, mjomba Marvin ananiambia nimependeza huku mkanda unamkaba. Ndani upande wa kushoto ni weusi mtupu, wa kulia kijani kitupu, watu wamevaa jezi juu ya mashati na tai. Kinanda kikaanza. Mjomba akanyoosha kiwiko.

Mara nikasikia viatu vinakimbia kwenye kokoto. Baba! Suti nyeusi, tai, nywele zimelowa maji, na mkono wa kulia ana Ndoo. Nyuma yake mzee Leland na klabu nzima wanahema, mmoja bado ana uma mkononi.

"Marvin, kaa," baba akasema.

"Wamekuruhusu?" nikamuuliza.

"Leland alisema mbebaji haachani na kundi. Nimewaambia mimi natembea, kundi likitaka lisinipoteze, linifuate."

Mzee Leland akavua kofia. "Twende basi, bibi harusi, saa inakwenda."

Nikaingia kanisani mkono huu baba, mkono ule wa baba Ndoo, inagonga mabenchi ngo, ngo, ngo. Njia ilitutosha kwa shida. Ndiyo alikuwa anaipima hiyo, jamani, na mimi niliziacha leso zangu bure! Nililia mpaka wanja likanifika shavuni. Upande wa kijani wanainyooshea Ndoo vidole, Bi Verna anawapiga vibao vya mapaja watulie.

Tukafika mbele. Mchungaji akauliza nani anamtoa binti huyu.

"Mimi na mama yake," baba akasema.

Sasa hapo, kwetu, baba hushika mkono wa binti kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye mkono wa bwana harusi. Mikono miwili. Baba akaitazama Ndoo. Chini haiwekwi. Akageuka nyuma, mzee Leland ni Kunguru, haruhusiwi kuipokea. Nilimwona anaelewa. Wote tulimwona.

Akamgeukia Colby. "Shika hapa."

Colby, mtu wa adabu, akashika.

Upande wa kijani ulilipuka! Watu wamesimama juu ya mabenchi, mtu anapiga tarumbeta, sijui aliingia nayo vipi. Upande wetu mzee Leland alipiga ukelele, "Dwight! Hapanaaa!" Tess kajifunika uso na karatasi ya nyimbo.

Baba hakugeuka hata. Alichukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, ina harufu ya siki, akauweka kwa Colby, upande usio na Ndoo. Ndipo akawatazama watu wake.

"Nimempa mtoto wangu mmekaa kimya," akasema. "Nyie mnalilia ndoo?"

Mchungaji alisubiri sana kabla ya kuendelea. Nilisema viapo vyangu mume wangu anabana ndoo kwapani.

Saa tano wakacheza, na tukawafunga vibaya. Vibaya sana! Kipenga kulia tu, mzee Leland akaja na klabu nzima mpaka tulipokaa. "Colby, mwanangu. Tumeshinda. Lete."

Mjomba wake Colby akasimama katikati. "Alete nini? Ndoo imekuja kwetu saa moja na robo, mbele ya mchungaji. Nyie leo mmeingia uwanjani mikono mitupu. Mmeshinda hewa."

"Tumeshinda mechi ya Ndoo!"

"Ndoo gani? Mliiweka wapi?"

Walibishana mpaka wafagiaji wakaja. Mwishoni wakamgeukia Colby, Panzi aliyeoa kwa Kunguru, aseme yeye.

"Mimi nilijua ni zawadi ya harusi," Colby akasema.

Kwa hiyo Ndoo iko nyumbani kwangu na Colby, juu ya friji, ina vitunguu. Redio haizungumzi kingine. Wa Barlow wanasema yetu, wa Teller wanasema yetu, na mwamuzi wa kweli ni mmoja tu, mechi nyingine, ambayo haipo kwenye ratiba. Watu waliokuwa wanagombana kuhusu ligi mpya sasa wamesahau California iko upande gani. Jana Teller walileta karatasi yao wenyewe mpaka duka la baba kutafuta saini. Baba akawauzia mbegu kwanza.

Nilimuuliza kama alipanga.

"Nilipanga upana wa njia," akasema. "Mikono niliisahau."

Siku hizi saini nakusanya mimi. Nimeanza na klabu zote mbili na karatasi inajaa. Ila pale juu nimeandika kwa herufi kubwa nyekundu: TAREHE YOYOTE, ISIPOKUWA JUMAMOSI TUPU. Mdogo wake Colby kavishwa pete, na mchumba wake ni Kunguru.