Baragumu la Mto Lwandu

Nimeegemea ukuta wa ndiva, jua liko utosini, baragumu liko mapajani, na kope zangu zimegoma kunisikiliza. Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe hapa Kwasenga. Maji ya Mto Lwandu hukusanyika humo, nasi tunayafungulia mashamba kwa zamu. Sasa imekauka, na sakafu yake ina ufa wa kumeza kiatu, kwa sababu Lwandu hauleti kitu tangu maharage yatoe maua. Watu wa Mramboni huko juu wametuibia. Ndivyo alivyosema Mwenyekiti Mrutu jana, na wote tukaitikia, mimi wa kwanza, maana mdomo wangu ni mkubwa hata bila baragumu. Mimi ndiye mpigaji. Nikipiga mlio mmoja mrefu, watu hutoka na majembe, ni msaragambo, kazi ya wote. Nikipiga milio mifupi ya kukatika, hutoka na mapanga. Leo kivuli cha ukuta kikigusa jiwe jeupe, nimeagizwa nipige ile mifupi, tupande tukavunje banio la Mramboni, pale wanapochepushia maji. Dada yangu Namkunda ameolewa huko, na mumewe ni mbishi, atakuwa wa kwanza kusimama mbele ya hilo banio. Naogopa, nasema kweli. Nafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha, na ufa wa ndiva unafunguka kama mlango, nami naingia bila hata kuinama.

Huko ndani kuna barabara za mchanga zisizo na mwisho, na ile niliyoishika, kila nikipanda inagawanyika mbili, na kila moja inagawanyika tena, hadi nagundua natembea juu ya mishipa ya jani la boga, jani kubwa kuliko nchi. Kwenye njiapanda amesimama mwanamke mwenye mtungi kichwani, uso wake laini kama jiwe la mtoni, hana macho, hana pua. Nampa shikamoo, maana mtu asiye na uso huwezi kukisia umri wake, na bora heshima izidi. Marahaba, anajibu, sijui kwa mdomo gani. Namuuliza mwizi wa maji yetu anakaa wapi. Anasema, nyumba yangu haina paa, kuta zake ni migongo ya milima, vyumba vyake havihesabiki, na mlango wa kutokea ni mmoja tu. Ni nyumba gani hiyo? Namwambia sina nafasi ya vitendawili, nina kazi kivuli kikifika kwenye jiwe. Basi tembea, anasema, miguu yako itajibu.

Natembea, na barabara zinakuwa mito bila mimi kuona zilipobadilika. Matone mawili yanadondoka pamoja juu ya mgongo wa mlima, pacha kabisa, moja linaegemea huku na jingine kule, na hapo ndipo wanapoagana, hawataonana tena. La huku linapata mwenzake, wanapata mwingine, wanakuwa mchirizi, kijito, sauti. Naona mto unakula ukingo wa nje wa kila kona na kuutema udongo upande wa ndani, kona ijayo hivyo hivyo, na shamba la mtu linahama mwenyewe akiwa anapiga mswaki. Naona mawe yanasagana hadi yanakuwa mchanga, mchanga unakuwa tope, tope linatulia pale mteremko unapochoka, na pale ni kwetu. Uwanda wote wa Kwasenga, huu tunaojivunia, ni mlima ulioletwa konzi kwa konzi kutoka Mramboni. Nasimama. Nyumba ni bonde zima, namwambia yule mama, kila mahali ambapo maji yake huingia Lwandu, sisi na wao tumo chumbani mwake. Anageuka na kupanda, nami nyuma yake.

Tunafika kwenye mji ambao ni wetu lakini umegeuzwa, milango ya kushoto iko kulia, na watu wake hawana nyuso. Ni Mramboni. Chini ya ukuta wa ndiva amekaa mwanamume amevaa shati langu, kifungo kilichokatika kiko upande wa pili, na baragumu liko mapajani mwake. Namuuliza anangoja nini. Anasema anangoja kivuli, kisha apige ile mifupi, washuke, maana watu wa Kwasenga wameufunga mto kwa dawa. Nachungulia banio lao. Kavu, na buibui ametanda utando kutoka ukingo hadi ukingo, utando wa siku nyingi, hakuna maji yaliyopita hapo. Aibu inanipanda. Mimi ndiye niliyeitikia wa kwanza.

Mama asiye na uso ananivuta mkono. Mwizi wako anakula akirudi kinyumenyume, anasema, na chakula chake ni ukuta wa jirani. Safari hii sibishi, napanda mpaka kwenye mgongo wa mlima, nachungulia upande wa pili, na namwona mwizi. Ni korongo, refu, lenye mteremko mkali kuliko wetu, na kila mvua linang'ata ardhi kichwani pake na kurudi nyuma hatua moja, limeng'ata miaka na miaka hadi limetoboa mgongo wa mlima na kuufikia mto wetu ungali mdogo. Lwandu mzima unadondokea humo na kwenda kwa watu wasiotujua. Mto umeibwa na mto. Nacheka, halafu nalia, halafu nashika jembe lililokuwa mkononi mwangu bila mimi kulichukua, nachimba, nakinga, na udongo wangu unasombwa kabla sijainua jembe mara ya pili. Nachimba tena, unasombwa tena. Lwandu nao ulianza tone moja, anasema mama, ila haukubaki tone. Naelewa. Naweka baragumu mdomoni, najaza kifua, napiga mlio mmoja mrefu kuliko yote niliyowahi kupiga.

Wanakuja kutoka pande zote mbili, wengi, hawana nyuso, na kila anayeweka jiwe anapata pua, akiweka la pili anapata macho. Huyu ni Mrutu. Yule ni shemeji yangu mbishi, anabishana na Mrutu jinsi ya kupanga mawe. Namkunda anafika na jiwe kichwani, na mimi kwa furaha namshika pua kuhakikisha ni yake, naye ananichapa mkono. Kaka, ulikuwa unakuja kutupiga? Nilikuwa nakuja, dada. Na sasa? Sasa shika huku. Tunashindilia mawe, majani na udongo, na maji yanasita, yanazunguka, yanapanda kidogo, halafu yanageukia kwetu, na kelele za watu zinautikisa mlima.

Mkono wa Mrutu uko begani mwangu. Jua liko pale pale, kivuli hakijagusa jiwe, na Kwasenga yote imenizunguka na majembe. Eliamani, anasema Mrutu, umepiga mrefu, nani kakutuma? Baragumu lina joto la mdomo wangu. Miguu yangu ina udongo mwekundu hadi vifundoni, na huku kwetu udongo ni mweusi. Kabla sijajibu, baragumu linalia kutoka Mramboni, mlio mmoja, mrefu, mrefu. Mwizi namjua, nasema, hana mikono, yuko juu ya mlima. Mrutu anaitazama miguu yangu, analitoa panga kiunoni, analiweka chini, anaomba jembe.

Tunapanda, wa Mramboni nao wanapanda, tunakutana kileleni, na korongo lipo. Namkunda anafika na jiwe kichwani. Namshika pua. Ananichapa mkono, na inauma, lakini hata kule iliuma. Jua linapolala, maji yanasita, yanazunguka, yanageuka, na mimi nayakimbilia mteremko wote nikipiga baragumu, na njiani nampita mama mwenye mtungi, amenipa kisogo, nami simgeuzi nimwone. Nafika ndiva pamoja na povu la kwanza. Ufa unakunywa, unakunywa, unashiba. Kama huu ni usingizi, basi tumelala vijiji viwili vizima, na ndiva inajaa.