Viatu Mlangoni kwa Bibi Hajara

Jumamosi baada ya adhuhuri Mjomba Umar alifika Kibuli, mtaa wa Kampala, na kompyuta yake, akavua makubazi mlangoni, akakaa mkekani kumchagulia Taqwa mahali rahisi pa kujengea tovuti. Taqwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, hajui hata pa kuanzia. Alitaka watu waione hina ya bibi yake Hajara, mamake Umar, aliyechora maharusi miaka arobaini na siku hizi haitwi popote.

Mwalimu alikuwa amemtajia Taqwa programu ya wanafunzi. Mjomba akaikataa.

"Ile ina mambo mingi. Hii rahisi, unavuta picha na kidole, unaachilia, basi. Lakini inataka mtu mkubwa. Tuandike jina yangu."

"Haya, Mjomba," alisema Taqwa. Mjomba ni mjomba.

Jioni hiyo picha za hina zikawa tovutini. Kesho yake asubuhi kulikuwa na jozi sita za viatu mlangoni, na ndani hamna mgeni. Kila aliyefungua tovuti, popote alipo, viatu vyake vilihamia mlangoni kwa Bibi Hajara. Hajara alivipanga, vya kike kulia, vya kiume kushoto. Kufikia Ijumaa wenyewe walivifuata, na wakishafika walikaa wakachorwa. Bibi akaanza tena kuimba jikoni. Taqwa naye alitembea Kibuli nzima akijidai kidogo.

Mwezi wa tatu tangu hapo mlango ukawa mtupu. Hajara alifagia kizingiti mara mbili, akidhani viatu vimekimbia vumbi. Taqwa akaazima simu ya jirani, akafungua tovuti. Maua yaleyale, mikono ileile. Jina lilikuwa la saluni ya mke wa mjomba, iliyoko mtaa wa Ggaba. Alipotazama chini, malapa yake hayakuwa miguuni.

Akapanda boda hadi Ggaba. Viatu vilijaa barazani mpaka njiani, na malapa yake ya bluu yamo katikati, yamepangwa vizuri.

"Mjomba, hii ni kazi ya Bibi."

"Si ulikubali jina yangu?" alisema Umar, hata hakugeuka. "Karibu mgeni, ingia."

Taqwa aliinama kuyachukua malapa. Hayakubanduka. Kilichomuuma zaidi ni ile "haya" yake mwenyewe.

Alirudi Kibuli peku. Hajara alimtazama miguu, akaelewa ni mwanawe aliyevichukua viatu, akamletea maji ya kunawa. Kisha akachukua ufagio, akafagia kizingiti.