Msitu Uliofuata Wenyewe

Jumanne saa nne asubuhi Mama Kiberiti alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo mbili miguuni, akiegemea mara mguu huu, mara ule. Miezi minane tangu wahamishwe kutoka msituni na kuletwa kwenye nyumba hizi za mabati kando ya barabara kuu, na hajatulia hata siku moja. Kutwa kiguu na njia. Wiki hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana nyasi za kule juu walikotoka sasa zilikuwa nusu mbichi nusu kavu, na mikono ilimwasha.

Tangu aolewe, wiki hiyo ilikuwa yake. Alfajiri, umande ungali chini, aliwasha moto mdogo, ukanda mwembamba kuzunguka kijiji, ili moto mkubwa wa kiangazi ukija ukose cha kula. Ndani ya ukanda miti iliota kwenye majalala, kwenye mazizi ya zamani, kwenye mahame. Mvule wa nyuma ya jiko aliupanda mama mkwe wake. Nje ya ukanda ni nyasi tupu mpaka macho yachoke.

Kisha akaja Bwana Misitu na ramani. Ramani ilisema msitu ni wa kale na watu ni wavamizi wanaouchoma. Wakatolewa, na kiberiti chake kikachukuliwa kiwe ushahidi.

Ndoo ya kwanza ilipojaa, mvule wa mama mkwe ukatokea. Ulikuja kandokando ya barabara ukikokota mizizi, ukasubiri lori la mchanga lipite, ukavuka.

"Umechelewa," Mama Kiberiti akauambia.

"Na upange foleni kama sisi," akasema shemeji yake. Watu wakacheka, wakaendelea kukinga maji.

Kufikia Ijumaa miti ilikuwa imefika yote, kila mmoja mlangoni kwa mwenyewe. Mmoja ulijibana kati ya choo na kibanda cha vocha. Kule juu, walisema wapita njia, zimebaki nyasi za kufika kiunoni, na makaburi katikati.

Bwana Misitu alikuja na futi na daftari. Mama Kiberiti akamfuata mti hadi mti.

"Mwanangu, nirudishie kiberiti changu. Nipe asubuhi moja tu kabla nyasi hazijakauka zote. Nikishakizungushia kijiji ukanda, sisi tutarudi na miti hii itarudi. Mume wangu amelala kule, jamani. Moto utampitia juu!"

"Mama, sheria ni sheria. Msitu hauwashwi moto."

"Msitu gani? Si huu hapa?"

Bwana Misitu alikubali kwamba ndio huu. Alihesabu miti mia tatu na kumi na miwili, sawasawa na rejista, haukukosekana hata mmoja, akafurahi kweli. Kisha akachukua nyundo, akapigilia tangazo kwenye mvule: eneo hili ni hifadhi ya msitu wa kale; wavamizi wote wana siku kumi na nne za kuondoka.

Mama Kiberiti aliingia ndani akaanza kukunja godoro. Alipokuwa akitafuta kamba alisikia udongo ukipasuka nje. Akachungulia dirishani. Mvule ulikuwa umeshang'oa mzizi wa kwanza.

"Ngoja kwanza," akauambia. "Hata hatujaambiwa tunakwenda wapi."