Mwiko wa Kokubanza

Mwaka ule wa ndui, watoto waliobaki bila wazazi walilala kwenye vibanda vya soko pale Bweranyange, na watu wa misafara waliwaokota kama kuni. Waliochukuliwa waliuzwa utumwani, hawakurudi. Mwanahalima, mwenye duka la shanga na nguo, alimchukua mmoja, Kokubanza, msichana wa miaka tisa hivi, mkimya kupita kiasi, akampa mkeka na kazi ya kutunga shanga.

Mwezi wa tatu tangu hapo akatokea bwana mmoja, Rwakajuga, kanzu safi, lugha ya Kinyambo inamtiririka. Alidai kuwa ni baba mdogo wa mtoto, amekuja kumchukua. Alimlilia kaka yake marehemu mpaka Othman, mume wa Mwanahalima, naye akafuta machozi. Othman ni mwema, ila moyo wake mwepesi mno.

"Huyu ni damu yake, mke wangu. Tumzuie kwa lipi?"

Mwanahalima alikwisha kumpenda yule mtoto, na nje ya mji msafara wa kwenda Unyanyembe ulikuwa unafunga mizigo. Akajikaza, akatabasamu.

"Mgeni haondoki kwangu na njaa," akasema, akaingia jikoni.

Akapika ndizi kwa nyama ya pongo, yule swala wa porini. Siku yake ya kwanza tu Kokubanza alikuwa ameisukuma nyama hiyo: ukoo wa baba yake hauli pongo, ni mwiko, na mwiko wa baba ni wa ndugu zake wote. Hakuna Mnyambo asiyelijua hilo. Rwakajuga naye aliijua desturi hiyo, ila ukoo aliojibunia hakuwa ameuulizia mwiko wake.

Alikula, jamani! Alifyonza mifupa, akamsifu mpishi, akaomba mchuzi tena. Mwanahalima akamwongezea kwa mikono miwili.

"Kula, baba mdogo. Ajabu tu kwamba pongo kwenu ni mwiko."

Rwakajuga aliacha kutafuna. Othman huchelewa kuelewa, lakini akielewa ameelewa. Alichukua bakora yake, akamtoa bwana yule mlangoni, kisha akaenda kukaa kwenye vibanda vya soko, kati ya watoto, mpaka msafara ulipoondoka.

"Mbona hukusema kwamba humjui?" Mwanahalima alimuuliza Kokubanza.

Mtoto aliendelea kutunga shanga. "Hamkuniuliza. Mlimuuliza yeye."

Mwanahalima aliona haya, haya ya kweli. Akaketi naye mkekani.

"Nisamehe, mwanangu. Basi sasa nakuuliza. Unataka kukaa wapi?"

Kokubanza alifikiri, na alifikiri kwa muda mrefu kuliko Mwanahalima alivyopenda.

"Hapa," akasema. "Lakini kile chungu ulichopikia pongo kiondoke. Mimi sili kilichopikwa humo."

Katika vyungu vyote vya Mwanahalima, hicho ndicho alichokipenda zaidi. Alikipeleka kwa jirani saa ile ile, akarudi anaimba.