Nadhiri Iliyoishia Mkondo wa Kwanza

Gervais Lecaplain hakuwa mwongo wa kila siku. Alikuwa na uongo mmoja tu, ila ulikuwa mnono, na kwa miaka thelathini na moja aliutunza kuliko alivyotunza kondoo wake. Na kondoo wake, wanaolishwa majani ya chumvi kando ya ghuba, muulize mtu yeyote pale kijijini Genêts, walikuwa wanatunzwa hasa.

Uongo wenyewe ni huu. Mkewe Odile alipojifungua binti yao Clémence, alivuja damu mpaka madaktari wa mji wa Avranches wakaanza kunong'onezana. Gervais alitoka hospitalini akiwa hajijui hajitambui, akamwekea nadhiri malaika mkuu, Mtakatifu Mikaeli: atavuka ghuba yote kwa miguu maji yakipwa, pekupeku, mpaka kwenye abasia, nyumba ya watawa juu ya kile kilima cha katikati ya ghuba tunachokiita Mlima, apige magoti, ili mkewe apone. Ilikuwa Februari. Akashuka ufukweni, akavua viatu, akakunja suruali, akatembea kama hatua mia tatu mpaka mkondo wa kwanza wa mto unaokatiza mchanga, akatia mguu mmoja majini. Lo! Baridi ile ilimpanda mpaka kwenye meno. Akamwambia malaika, "Ningoje kidogo," akarudi nyuma, akaingia baa, akanywa bilauri tatu za kalivado, ile pombe yetu kali ya matofaa, kisha akapanda basi kurudi hospitali. Akamkuta Odile amefumbua macho. Odile akaona tope kwenye vifundo vya miguu ya mumewe, akamuuliza katoka wapi.

"Nimevuka," Gervais akasema. Tope, angalau, lilikuwa la kweli.

Tangu hapo hakukuwa na harusi, ubatizo wala maziko ambako Odile hakuisimulia habari hiyo. Gervais aliinamisha kichwa juu ya sahani yake, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Kila mwaka alijiapiza kwamba safari hii ataenda kimyakimya, aitimize, yaishe. Lakini sisi watu wa ghuba tuna ugonjwa wetu. Mlima tunauona dirishani kila asubuhi tukipiga mswaki, basi tunajiona tumeshafika. Kule ni kwa wageni na kofia zao. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na Gervais akazeeka bila kuvuka hata mkondo mmoja.

Mwezi wa Mei mwaka huu, Clémence, mwenye mimba ya miezi saba, alilazwa Avranches kwa shinikizo la damu. Odile alirudi kutoka kumwona, akaweka mkoba mezani, wala hakuvua koti.

"Tunavuka," akasema.

"Tunavuka nini?"

"Ghuba, nini kingine? Malaika anakujua wewe. Alikusikia mara ya kwanza, atakusikia tena. Na safari hii nakwenda nawe, nimshukuru kwa mdomo wangu."

Gervais akautazama Mlima dirishani. Kumwomba mtu jambo la pili wakati la kwanza ulimtapeli! Akajaribu kusingizia magoti yake mabovu, akajaribu kusingizia kondoo wanaokaribia kuzaa, ambao walikuwa wamekwisha kuzaa wote tangu Machi. Odile hakusikiliza. Alikuwa ameshaandikisha majina yao kwa mwongozaji.

"Mwongozaji?" Gervais akang'aka. "Mimi, mzaliwa wa hapa, niongozwe kama mtalii?"

"Mimi ndiye ninayeongozwa. Wewe utanishika mkono."

Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, walisimama ufukweni pamoja na wageni ishirini waliopakwa dawa ya jua mpaka masikioni. Mwongozaji aliitwa Enora, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye fimbo ndefu na sauti ya kuamrisha. Aliwaambia wote wavue viatu na wafuate nyayo zake, wasitangulie wala wasipotoke. Gervais alitikisa kichwa kwa tabasamu la mjuzi. Kiburi kile alikitoa wapi, hata yeye hajui. Labda hofu ikizidi hujivika kofia ya ubingwa.

Mkondo wa kwanza ulimfika mapajani. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Gervais alivuka akijisikia vibaya mno, kwa sababu ilimchukua dakika mbili tu.

Baadaye, walipokaribia Tombelaine, kisiwa kidogo cha mwamba kilicho njiani, Enora alipinda kushoto kwa mzunguko mrefu. Gervais akasimama. Babu yake alikuwa akisema: mnara wa kanisa la Genêts uweke mgongoni, elekea mwambani, usipinde. Babu alikufa zamani, na mchanga wa ghuba umehamahama mara elfu tangu azikwe, lakini Gervais hakulifikiria hilo.

"Binti, unawazungusha watu bure," akasema kwa sauti, ili wageni wasikie. "Njia ni hii hapa."

"Bwana Lecaplain, rudi kwenye mstari tafadhali."

"Nimezaliwa hapa, mimi."

Akapiga hatua nne za mwenyeji. Ya tano akazama mpaka mapajani, miguu yote miwili. Wapo watu ambao wakiaibika hutamani ardhi ifunguke iwameze. Kwa Gervais ilifunguka kweli, ikammeza nusu, ikamwacha nusu ya juu ionekane na kila mtu.

Enora hata hakukimbia. Aliwapanga wageni nusu duara, mahali pagumu. "Mnaona? Huu ndio mchanga laini niliowaambia. Hauui. Ila ukisimama wima na kushindana nao, kama anavyofanya mzee hapa, unakubana. Mzee, tulia. Hivi umewahi kuvuka kweli?" Wageni wakacheka.

"Amewahi!" Odile akadakia, amekasirika kwa niaba yake. "Mnamcheka bure! Mume wangu alivuka ghuba hii pekupeku, mwezi wa Februari, peke yake, mimi nikiwa nakufa hospitalini. Alikwenda kuniombea pale juu, nami nikapona. Nyinyi mnavuka kwa kujifurahisha. Huyu alivuka kwa ajili ya uhai wangu!"

Mama mmoja mnene akapangusa jicho. Halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote ishirini wakaunga. Walimpigia makofi pale alipokuwa, amekwama kama mti wa uzio, na Odile akiangaza kwa fahari. Gervais angestahimili kuchekwa. Makofi yale hakuyaweza.

"Acheni," akasema. "Acheni, jamani! Sikuvuka."

"Ni unyenyekevu wake tu huo," Odile akawaambia.

"Odile. Sikuvuka. Nilifika mkondo wa kwanza, nikaona baridi. Nikaenda baa. Nikaja kwa basi."

Wageni wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Enora alilala kifudifudi, akamwelekeza Gervais ajilaze nyuma na kuchezesha mguu mmoja mmoja, akamtoa. Odile alikuwa ameshatangulia kwenye mstari, amemwacha bila mkono wa kushika.

Walitembea saa nzima na zaidi hivyo, mke mbele, mume nyuma na tope lake. Walipofika chini ya kuta za Mlima, Odile akaketi kwenye jiwe.

"Miaka thelathini na moja," akasema, bila kumtazama, "nilidhani niko hai kwa sababu yako. Nilikuvumilia mengi kwa ajili hiyo. Kukoroma kwako. Dada yako."

"Najua."

"Hujui. Kumbe nilipona mwenyewe tu."

Machozi yalimtoka Gervais, ya mtu mzima na tope mashavuni, na wapita njia wakampisha.

"Panda," Odile akasema. "Sitaki uombe kitu. Huna uso wa kuomba. Mwambie tu malaika umefika. Mimi nabaki hapa."

Ngazi zile ni nyingi, nami sitazihesabu. Gervais alizihesabu kwa magoti yake. Ndani ya kanisa aliona aibu ya nyayo anazoziacha kwenye mawe yaliyosafishwa. Akapiga magoti karibu na nguzo, katikati ya umati, kichwa chini. Alitafuta maneno makubwa, akakosa. "Nimefika," akasema. "Nisamehe, niliona baridi." Clémence alimjaa kifuani, jina lake likamkaa kwenye ulimi, lakini alikuwa amekatazwa kuomba, naye akaona ni haki. Akabaki pale akilimeza jina la mwanawe.

Mtu akamgusa begani.

"Sogea kidogo."

Mtalii na kamera yake, Gervais akawaza. "Sisogei," akasema bila kugeuka. "Kapige picha kwingine. Nimekawia sana kufika hapa."

"Sogea, mwongo wewe," Odile akasema, akihema kwa ngazi. "Sogea na mimi nipige magoti, tumwombee mtoto."