Mlango Uliochomelewa

Fundi wa kuchomelea aliufunga mlango wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Bi mkubwa alikuwa ndani, kakaa kitandani, anacheka.

"Choma vizuri, baba. Usije ukaniachia upenyo."

Siku hiyo ilikuwa ya bomoabomoa, na mtaani walijua kitu kimoja: tingatinga haligusi nyumba yenye mtu. Askari kwanza humburuta mwenye nyumba, wakamtupa barabarani, ndipo nyumba inavunjwa. Basi asiyetoleka habomolewi! Madirisha yalikuwa na nondo, mlango ulikuwa huo mmoja tu, na mama alikuwa amekaa humo miaka arobaini. Nani angemtoa?

Saa nne asubuhi askari wakaingia na tingatinga lao. Kwanza walikata umeme mtaa mzima, kisha wakaanza na virungu. Jirani yao muuza mkaa alipigwa mpaka akatema meno. Fundi aliegemea mlango, kirungu kikampasua paji la uso, hakubanduka.

"Kuna mtu ndani!"

"Atoke."

"Hatoki ng'o!"

Askari mmoja, mshenzi kweli kweli, akapenyeza bomu la machozi kwenye nondo za dirisha. Likaangukia godoro. Godoro likashika moto.

"Mwanangu, fungua!" Mama alikuwa akiugonga mlango kwa ngumi. "Fungua, nakufa!"

Fundi akadaka mashine yake ya kukatia chuma, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Umeme, jamani! Akashika nyundo, akatwanga mpaka viganja vikachubuka. Chuma hakikutikisika. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuchomelea vizuri namna ile, na aliilaani kazi yake kwa sauti.

Ngumi za mama zikalegea.

Akakimbia, damu machoni, akarukia tingatinga na kumkaba dereva shingo. "Vunja! Ukuta wa nyuma, mama hayupo upande huo! Vunja, kaka yangu, nakuomba!"

Wakubwa wa askari wakaitikia kwa vichwa, wanacheka. Ukuta ukaanguka kwa pigo moja, pamoja na nusu ya paa. Fundi akatambaa ndani ya moshi, akatoka na mama mgongoni, nywele zimeungua, mkono umevunjika, lakini yu hai.

Akamlaza barabarani. Mama alikohoa weee, mpaka pumzi ikarudi. Akageuka. Tingatinga lilikuwa linamalizia chumba chake.

"Si nilikuwa ndani? Nani kawaambia wavunje?"

Fundi alitaka kusema askari. Ulimi ukakataa.

"Mimi, mama."

Mama akamzaba kofi kwa mkono uliobaki mzima.