Maneno ya Ziwa Ndani ya Karai

Mwaka ule wa hamsini na tatu, Koleta alikuwa hajaona maji mengi kuliko ya bwawa wakati wa masika. Basi alimcheka mumewe Alois, mpishi wa misheni, alipokuja nyumbani Chemchem na karatasi ya maneno ya Kihispania, yote ya bandarini na ya mashua.

"Kuna mgeni, Bibi Pilar, mchora ndege," Alois alieleza. "Anakwenda Kigoma kuzunguka ziwani. Anataka mpishi, na Kiswahili hajui hata cha kuombea chumvi. Padre kaniandikia haya. Nisomee, Mama Getruda."

Alois kusoma hakujua. Koleta ndiye aliyesomeshwa na masista. Akajaza karai maji, akaweka kata ielee. Kata ikawa *barco*, mashua. Mwiko ukawa *remo*, kasia. Tofali pembeni likawa *muelle*, gati. Kila alasiri wakakaa uani wakisukuma kata huku na huku. Koleta yalimkaa kichwani upesi. Kwa Alois, lililoingia lilitoka na jasho la jikoni.

"Wimbi?"

"*Ola*."

"Hilo umelipata. Lishikilie hilohilo."

Koleta alicheka, lakini kila neno lilimchoma. Alikuwa akimfundisha mumewe njia ya kumwacha peke yake, na Getruda, binti yao, keshaolewa Goweko.

Siku ya kujaribiwa alimsindikiza misheni. Bibi Pilar, mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, akamjia Alois akitabasamu.

"*¡Hola!*"

"Wimbi!" Alois akajibu kwa sauti ya askari.

"Amekusalimu tu, Alois," Padre akasema, kashika tumbo kwa kicheko.

Bibi Pilar akachora daftarini mashua na kasia lake kando ya gati, akaelekeza kidole kwenye kasia. Alois akatazama dari.

"*Remo*," Koleta akaropoka. Kidole kikahamia gatini. "*Muelle*."

Bibi Pilar akamgeukia Padre, akasema maneno mengi.

"Anamtaka mpishi," Padre akafasiri, "ila bila mkewe hawataelewana. Mtakwenda wote?"

"Sema wewe, Mama Getruda," Alois akanong'ona. "Mimi tangu juzi sijui nitakuachaje."

"Tutakwenda," Koleta akasema.

Kigoma waliyakuta maji yaliyokwenda hadi yakagusana na mawingu. Mashua ikayumba walipopanda. Koleta akang'ang'ania shati la mumewe, mkono mwingine kifuani.

"*¿Miedo?*" Bibi Pilar akauliza taratibu, naye akajishika kifua, akajitetemesha.

Hofu. Koleta akaitikia kwa kichwa. "*Miedo*."

"*Miedo*," Alois naye akakiri, uso umemparara.

Bibi Pilar akaja kuketi upande wa pili wa Koleta, akamshika mkono, na mpiga kasia akaisukuma mashua.